Nilisema Koki ya Chemchemi Imefungwa

Admin, jina langu lifiche, na kijiji changu pia. Andika tu ni jirani na Ijumbi, wilaya ya Muleba. Nina miaka sabini na saba, mke wangu alishafariki, nina watoto sita. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mkiona makosa mnivumilie. Nilikuwa fundi bomba. Hapa kijijini wananiita mzee wa maji, wakidhani wananiheshimu.

Miaka ya ujamaa nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza kazi Bukoba mjini, tukifunga masinki na matangi kwenye nyumba za wakubwa na hotelini. Kijiji kikapata mabomba ya chuma ya kuteremsha maji kutoka chemchemi ya juu hadi shuleni. Kila kaya ilichimba kipande chake cha mtaro, na mimi ndiye niliyepima njia. Niliringa, sitaki kuwadanganya. Spana kubwa nilitembea nayo begani hata pasipo na kazi.

Njia iliyonyooka ilipita kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba, pale walipozikwa babu na ndugu zake. Tata, yaani baba yangu, akaniita pembeni. "Bomba lako lipite unakotaka," akasema, "lakini si juu ya baba yangu." Kwetu Wahaya kibanja si shamba tu, wazee wamelala humo. Sikuthubutu kumbishia. Wala sikuthubutu kuieleza kamati ya maji, maana vibanja vya wengine nilishavipasua bila kumuuliza mtu. Nikapindisha bomba, nikalipandisha kilima kidogo nje ya mpaka wetu, kisha likashuka. Fundi yeyote anajua kwamba pale juu hewa itajikusanya na kuzuia maji. Nilijua. Nikajiambia maji yataisukuma tu.

Siku ya uzinduzi wageni walikuja, ngoma zikapigwa. Mwenyekiti akafungua koki ya shuleni. Ikakoroma, ikatoa matone, ikanyamaza. Watu wote wakanigeukia. Nikapanda hadi chemchemini nikakuta koki kuu iko wazi, vilevile nilivyoiacha. Wakati wa kushuka nilikuwa na njia nzima ya kufikiri. Nilipofika nikasema, "Nimekuta koki ya juu imefungwa. Nimeifungua, ila hewa imeshaingia. Itabidi pale kilimani pachimbwe upya, bomba lishushwe."

Sikutaja mtu. Sikuhitaji kutaja. Chemchemi ilipakana na kibanja cha Ta Bonifasi, yaani mzee Bonifasi, na ndiye aliyepewa kazi ya kuilinda. Tena alikuwa mtu wa maneno, alishasema mkutanoni kwamba viongozi wanapiga ngoma kabla maji hayajafika. Akaapa kwamba hakugusa kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Wakamwita mhujumu, wakamwamuru achimbe kile kilima peke yake.

Alichimba siku tatu. Siku ya tatu nilikwenda kushusha bomba, nikalegeza kiungo. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, halafu maji yakafuata. Ta Bonifasi akaegemea jembe lake. Akatazama kilima, akatazama migomba yetu upande wa pili, akaelewa bomba lilikuwa linakwepa nini.

"Kumbe ni hewa tu," akasema.

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Jumapili kuna mkutano." Kisha akaendelea kufukia.

Jumapili hiyo nilipigiwa makofi kwa kuleta maji. Ta Bonifasi alikaa nyuma kabisa akinisubiri niseme ukweli, na mimi niliangalia viatu vyangu mpaka mkutano ukafungwa. Baada ya hapo hakuna aliyemkaribisha tena kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watoto wake shuleni wakaitwa watoto wa mfunga maji. Mwishowe akaenda Kemondo kubeba mizigo bandarini, na alirudishwa nyumbani akiwa maiti. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Naona aibu hata kuliandika hili.

Nimeungama kwa padre. Aliniambia, "Mungu amekusikia, lakini jina la mtu mrudishie mwenyewe." Nikaitikia, nikaenda zangu nyumbani. Tata alishafariki zamani, na hicho kisingizio cha makaburi kikaisha. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa mzee wa maji.

Sasa Yustina, binti yake Ta Bonifasi, amemjengea mama yake nyumba nzuri. Mama huyo, Ma Anastela, amevuka miaka tisini, na tangu siku zile hajanywa maji ya lile bomba. Alikuwa anashuka mtoni na ndoo kichwani huku koki iliyoongezwa baadaye iko hatua chache tu kutoka kwake. Siku hizi wajukuu ndio wanaomchotea. Watu wanasema ni ukaidi wa uzee.

Yustina alinifuata nyumbani. "Shikamoo, Ta. Mafundi wa kuvuta lile bomba hadi ndani ninao, ila naomba usimamie wewe, kazi ya vijana siiamini." Nikakubali kabla sijafikiri. Sinki limefungwa, tangi limepandishwa, Jumamosi tunafungua maji.

Jana akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Ta, mama amekubali kunywa. Anasema katika walioshughulika na bomba siku ile umebaki wewe tu. Anataka umjibu swali moja mbele yetu sote, ndipo anywe. Baba alifunga koki, au hakufunga?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Nikimwambia ukweli pembeni, Ta Bonifasi atabaki mhujumu machoni pa kijiji. Nikiusema mbele ya watu, watoto wangu watakuwa wamesimama palepale, hao wanaojivunia baba yao. Na nikidanganya tena, nitamwangalia mama wa watu akinywa uongo wangu kwenye glasi. Leo asubuhi nimejikuta nakohoa kwa makusudi mbele ya binti yangu, ili Jumamosi niseme naumwa. Mzee mzima.

Nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini nishaurini kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?