Katikati ya Konokono

Harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji hunipanda puani kama vumbi na mvua vilivyokuja pamoja, nami hucheka kabla sijajua nacheka nini.

Juzi ilinipata hapa Buhongwa. Vijana wanaupaka chokaa ukuta mrefu wa shule, wachore konokono mkubwa na kuandika majina ya kaya za mtaa kufuata mizunguko yake. Mwenyekiti wetu wa mtaa akaja mbio, shati kachomekea, akataka jina lake likae katikati. Katikati! Nilicheka mpaka mjukuu wangu Jeni akaniletea maji, akidhani nimepaliwa.

Ngojeni niwaambie nilikuwa namcheka nani.

Nilikulia ufukweni, upande wa Ilemela, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko watu na yana adabu kuwashinda baadhi yao. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Lubinza, mtu wa tumbo mbele na akili nyuma, na mkewe Kabula hakuwahi kumwitikia mama yangu salamu nzima nzima. Mama alikuwa mjane. Alitoka Ukerewe, basi kwao alikuwa "wa kuja" tu, hata baada ya kumzika baba palepale. Kiwanja chetu kilikuwa mita chache kutoka majini, mahali pazuri pa kuanikia dagaa, na Lubinza alikitaka kwa ajili ya mitumbwi ya mwanawe Masanja. Alishatangaza dukani, watu wakisikia: "Huu ugeni ukipita, yule mama atahama."

Ugeni wenyewe ulikuwa wa mkubwa mmoja kutoka mkoani, aje kufungua darasa jipya. Mwalimu wetu Tryphone, Mhaya mwembamba aliyekuwa akiongea na maua kama na watu, akasema tusimpokee kwa nyimbo peke yake. Alituonyesha gamba la konokono wa ziwani. "Tazameni," alisema, "kila mzunguko una umbo lilelile la uliotangulia, ila umezidi ukubwa. Hakosei hata siku moja." Halafu akatuonyesha mbegu za alizeti zinavyojipanga kwa kuzunguka, akachora konokono mchangani kwa kijiti, mkubwa kama uwanja wa mpira, mdomo wake ukitazama ziwa. Kila kaya ingeleta mawe yake, iyapange juu ya mchoro yawe ukuta mfupi, iyapake chokaa, na mgeni akifika kila kaya isimame mbele ya mawe yake.

Hapo ndipo wakubwa walipoonyesha walivyo. Nani akae wapi? Mwalimu hakuwa amewaza hilo, maskini. Lubinza akasema mwenye cheo hukaa katikati, akajiweka yeye na Kabula kwenye kile kitovu. Wakafuata wazee wa baraza wakisukumana viwiko, Mzee Masunga akagombana na shemeji yake kwa nafasi ya jiwe moja. Kulwa fundi baiskeli akatupwa mbali. Na mwisho kabisa, kwenye mdomo, karibu na maji, wakamweka mama. "Mkiani kunamtosha," alisema Kabula, na wenzake wakacheka kile kicheko cha kujipendekeza, ambacho mpaka leo nakidharau kuliko matusi.

Mimi nililia. Mama akaniambia, "Veneranda, shika brashi." Brashi zetu zilikuwa vipande vya katani vilivyopondwa ncha. Tukapaka. Sehemu yetu ilikuwa pana mno, mawe yetu yakawa mengi kuliko ya wote, na mgongo uliniuma.

Asubuhi ya ugeni, Lubinza akaamuru chokaa ipakwe tena, mawe yang'ae. Yakang'aa kweli, yakiwa yanatiririka maji meupe. Yeye alivaa suti nyeusi, ya sufu, kwenye jua lile.

Mgeni akaja kwa boti. Akashuka majini hadi vifundoni, viatu mkononi, na mtu wa kwanza aliyemwona ni mama. Mama akapiga goti kidogo, akampa maji ya mtungini kwa kata.

"Karibu, baba. Pole na safari."

"Ahsante, mama. Wewe ndiye mwenyeji wetu?"

Mama hakugeuka kutazama katikati. "Nyumba yangu ni ile pale," alisema. "Karibu upumzike kivulini."

Huko kitovuni Lubinza alikuwa anarukaruka kama kuku aliyefungwa. "Mheshimiwa! Huku! Huku katikati!" Njia ya kutoka ilikuwa kuzunguka konokono mzima, na njia yenyewe imejaa wazee waliokataa kusogea, maana nao walipigania hapo walipo.

"Ruka, Mwenyekiti!" Kulwa alipaza sauti. "Si una miguu?"

Akaruka. Ukuta wa kwanza ukamshika paja, wa pili ukamshika makalio, na Kabula aliyemshika koti akaangukia mawe ya Masunga. Mwenyekiti alifika mbele ya mgeni akiwa mweusi juu, mweupe chini, akakuta mkubwa ameketi kwetu, kata mkononi, anauliza dagaa huanikwa siku ngapi. Kwenye hotuba mgeni alimshukuru "mwenyeji wangu wa ufukweni," mara mbili. Nani tena angemhamisha mama pale? Mama alifia kwenye nyumba ile.

Kwa miaka mingi nilidhani tulipona kwa bahati ya boti. Nilikuwa mtu mzima, nimeinama majini nafua, nilipookota gamba lenye konokono mzima nikaona anakaa wapi. Anakaa mdomoni, kwenye chumba kipana, ndipo anapokulia. Katikati ni pale alipokuwa mdogo kama punje, ameshahama zamani. Watu wazima wenye vyeo walitoana jasho kugombea chumba alichokiacha konokono. Kama mama alilijua hilo, hakuniambia. Yeye alisema nishike brashi tu.

Basi juzi yule binti mchoraji akaniuliza, "Shikamoo bibi, na wewe tukuandike wapi?"

"Marahaba. Niandike mdomoni," nikamwambia, "pale watu wanapoingilia. Katikati mwachie mwenyekiti, na chokaa umpakie nyingi."