Jina Langu Juu ya Muuaji

Kengele za ng'ombe zililia zote kwa mpigo, mnada mzima, kabla sijaona kitu.

Halafu risasi.

Mwaka ule Manyara ilikuwa imetoka tu kuwa mkoa. Mimi na kaka yangu Modest tulikuwa tumempeleka dume wetu kutoka Tumati hadi mnadani Balangdalalu, maana wanunuzi wa Arusha walikuja na fedha mkononi. Majambazi nao walilijua hilo.

Walimimina risasi ovyo kwenye watu.

Modest alishika tumbo, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Lori la ng'ombe ndilo lililotubeba hadi hospitali. Majeruhi walijaa mpaka kwenye korido. Daktari alikuwa mmoja tu, Dokta Hilda, na friji ya damu ilikuwa tupu.

"Ndugu wa majeruhi, nani atatoa damu?"

"Mimi!" Nilikunja shati kabla hajamaliza. "Toa yote ukitaka!"

Kundi langu ni lile linaloweza kupewa karibu kila mtu. Nikajiona mwanaume. Wakaandika jina langu kwenye plasta, wakaibandika kwenye mfuko: TADEI.

Nikarudi kwa Modest.

"Kaka, damu yangu inakuja. Ukipona utaanza kutunga mashairi kama mimi."

Alicheka kwa shida. "Mungu apishe mbali. Hebu nipe lile la dume."

Nikampa:

*Dume wetu wa Tumati, pembe amezipindisha,*
*Jirani wakimuona, wivu unawakausha.*

"Rudia," akasema.

Nikarudia, huku macho yangu yakiitafuta ile damu.

Nikaiona.

Ilikuwa imetundikwa kitanda cha pili. Jina langu linaning'inia, na chini yake amelala kijana mwenye pingu, paja limefungwa. Mmoja wa majambazi wale wale. Risasi ya mwenzake ilimpata wakikimbia.

Sijui nilifikaje pale. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpira wa damu.

"Usiguse!" Dokta Hilda akajiweka katikati.

"Damu ni ya kaka yangu! Huyu ndiye aliyetumaliza!"

"Huyu akipata mfuko mmoja anaishi. Kaka yako..." Akashusha sauti. "Ini limesambaratika. Hata friji ingekuwa imejaa, nisingemwokoa."

"Kwani wewe ni Mungu?"

"Siyo Mungu. Ndiyo maana siangalii nani kafanya nini. Naangalia nani atapona."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Tadei." Ilikuwa sauti ya Modest. "Njoo hapa, acha kelele."

Nikaenda.

"Dokta aliniambia ukweli ukiwa unatolewa damu. Nikamwomba asikuambie. Nakujua, ungechoma hospitali. Au ungekaa unalia. Mimi nilitaka shairi."

"Kaka, yule ni muuaji!"

"Najua. Nilimwona. Akifa leo, anazikwa na jina la aliyempa bunduki, na huyo atatuma wengine mnada ujao. Mwache aishi, aseme."

Kisha akasema, "Rudia lile la dume."

Nilirudia. Nilirudia hata mkono wake ulipoacha kushika wangu.

Baba mdogo Akonaay alifika na wanaume wenye fimbo. Nikawafuata mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Tupishe, mwanangu. Tunamtaka huyo mshenzi."

"Ana damu yangu mwilini. Mkimpiga yeye, mnanipiga mimi."

"Umerukwa na akili?"

"Labda. Lakini hampiti."

Alinitazama sana. Akaitupa fimbo, akalia. Sikuwahi kumwona baba mdogo akilia.

Wewe unayesoma hapa, mimi bado ni mkali, sijawa mtakatifu. Ila hasira yako usiipe kazi ya daktari, wala ya hakimu. Haijui kutibu, na haijui kusikiliza.

Siku ile nilirudi kitandani kwa yule kijana. Mfuko ulikuwa umebaki matone, plasta yangu imekunjamana. Akafumbua macho. Akaniogopa.

Nikamwambia kwa sauti, wodi nzima ikasikia:

"Utapona. Hakuna atakayekugusa humu, nakuapia. Na siku utakayosimama kizimbani kumtaja aliyekupa bunduki, mimi Tadei, mdogo wake Modest, nitakuwa nimekaa mbele yako, nakutazama usoni mpaka umalize."