Kumpa Mkwe Mgongo

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Bunju, na kisa chenyewe kilikuwa kazi yangu. Kiwalani nzima walinicheka: mwanamume mzima analipwa kwa kunyanyua mikono! Nilipoeleza kwamba bila mikono ile helikopta ya Wazungu wapima ardhi haitui salama, walizidi kucheka. Huko Bunju wakaamini nazurura tu.

Basi mama mkwe akasema atakuja mwenyewe uwanja wa ndege aone. Akiridhika, mwanawe atarudi. Asiporidhika, nitoe talaka.

Ndege ya kawaida hushikiliwa hewani na mbio zake. Helikopta inapotua haina mbio. Inaning'inia, na rubani huiweka sawa kwa mikono na miguu bila kupumzika. Hutaka upepo wa usoni. Kuku akipigwa na upepo kwa nyuma, manyoya humfumuka akayumba. Nayo vivyo hivyo, mkia wake hutaka kuzunguka. Kwa hiyo mimi husimama nikiupa upepo mgongo, rubani akaja akinitazama. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo unakoelekea, ilikuwa imechanika wiki ile, hivyo hakuwa na alama nyingine ila mimi.

Helikopta ilikwisha kuanza kushuka nilipogeuka nikamwona mkwe kando ya uzio, nyuma yangu hasa. Kwetu mkwe hapewi mgongo. Ukikutana naye njiani unampisha, unainamisha macho. Nami nimpe kisogo, tena mikono juu, shati limechomoka? Miguu haikuningoja niamue. Nilikimbilia upande wa pili wa helikopta, nikamwelekea mkwe kwa adabu, nikanyanyua mikono.

Rubani akageuka kunifuata, upepo ukampata kwa nyuma. Mkia ukazunguka, helikopta ikaenda ubavu ikikwangua majani, kisha ikajibwaga chini kwa kishindo. Hakuumia mtu. Laiti ardhi ingenimeza!

Rubani alishuka uso mwekundu. Karani wa wale Wazungu akanitafsiria: "Anauliza, wewe upepo huujui?"

"Naujua. Ila mkwe wangu alikuwa kule."

Karani alicheka mpaka akashika magoti. Alipomweleza rubani, mafundi wote wakacheka naye. Nilitamani kulia, maana mkwe alikuwa anasikia kila neno.

Alinijia amejitanda khanga mpaka usoni, kama kwamba aibu ni yake.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikitazama miguu yake.

"Marahaba. Mkeo atarudi Ijumaa. Kazi unayo, mie nimeiona. Ila kesho wakikuita, mwanangu, nipe mgongo."

"Ndiyo, mama."

Sikuitwa tena. Ijumaa mke wangu alirudi na vyombo vyake, na Jumamosi alfajiri nilivaa kaptula ya kazi nikatoka, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumwambia kwamba kazi sina.