Suruali Kumi za Timu ya Kilosa

Yudith alizaliwa milimani Ukaguru, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na ushonaji akafundishwa na mke wa mchungaji. Alipoolewa Kilosa mjini alikuja na Biblia na futi kamba, na maisha yake yote hakupata kumkadiria mtu kwa macho.

Mwaka wa sabini na mbili timu ya mpira wa kikapu ya Kilosa ilialikwa kucheza Morogoro. Katibu wa timu, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Urbanus, akaja kwa Yudith na jora la khaki la kushonea sare za safari, na karatasi. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida yake. Karatasi ilikuwa na majina kumi na urefu wa kila mchezaji, lakini kwa urefu ule kitambaa kilitosha suruali tisa tu, na dukani khaki ilikwisha. Basi Cleopa, mdogo kuliko wote, angebaki. Asiye na sare hapandi treni.

Yudith akaisoma karatasi mara mbili. Lupakisyo, mpakia magunia wa stesheni, ameandikwa futi sita na inchi tano. Huyu si ndiye yeye Yudith alimshonea nguo za harusi, na hakuwa mrefu hivyo? Akauliza ni nani aliyewapima.

Urbanus akacheka. Hakuna aliyepima. Kwenye kikapu, alisema, mpinzani huanza kutishwa na karatasi, na hata kule Marekani, wanakocheza kwa mshahara, watu huongezewa inchi, wengine hupimwa wakiwa wamevaa viatu.

"Mwanangu," Yudith akamjibu taratibu, "karatasi haivai suruali. Niletee watu."

Wakaja jioni wametoka kazini. Akawavua viatu mmoja mmoja, akawasimamisha kwenye mwimo wa mlango, visigino ukutani. Wengi wakapungua inchi moja au mbili, na Lupakisyo akatoka futi sita na inchi mbili.

"Kumbe twiga wetu ni swala tu," Cleopa akasema, na wote wakaangua kicheko.

Lupakisyo akanung'unika kwamba magunia ya kutwa yamemdidimiza, asubuhi huwa mrefu zaidi. Yudith hakumcheka. Akamwambia arudi alfajiri kabla hajabeba kitu. Akarudi, na kweli akazidi nusu inchi. Akaandikiwa nusu yake, maana haki ni haki.

Kisha Yudith akatandika khaki juu ya mkeka, akachora kwa chaki suruali zote kumi, mguu mkubwa ukilala kando ya mdogo. Mkasi ukikosea hapo, hakuna kingine cha kukata. Akafumba macho akaomba, ndipo akakata. Kilichobaki hakikutosha hata kiraka.

Urbanus alipokuja akazihesabu mara tatu. Akamsihi kwa sauti ya chini asimwambie mtu zile inchi za kweli.

"Karatasi yako sijaigusa," Yudith akasema. "Ila Cleopa anakwenda."

Siku ya safari alisimama stesheni na kanga yake mpya. Vijana kumi wakapanda treni, suruali zimelala vizuri juu ya viatu, Cleopa wa mwisho, kifua mbele. Mama mmoja muuza ndizi akamuuliza Yudith ni timu gani hiyo, na ni warefu kiasi gani.

"Hao?" Yudith akasema, akijiweka kanga sawasawa begani. "Hao nimewapima mwenyewe."