Gogo la Kushukia

Kwenye geti la hifadhi ya msitu, upande wa kupandia ukitokea Magoma, wamebandika karatasi ya njia za baiskeli. Njia ni tatu. Ya kwanza inazunguka chini kwa chini kando ya mashamba. Ya pili inapanda hadi kwenye maporomoko ya maji na kurudi. Ya tatu inapita juu kabisa, inaukata msitu mzima, kisha inateremka kurudi upande wa Magoma hadi darajani, na hiyo wameiandikia: mteremko mrefu, wa kufurahisha.

Niliisoma mwezi uliopita, mkononi nimeshika baiskeli ya mgeni niliyekuwa nimemzibia pancha. Nikaduwaa. Nikaisoma tena nikidhani macho yamenidanganya. Wa kufurahisha! Mgeni akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, upepo umejaa, safari njema. Ningemwambia nini? Kwamba mteremko huo uliniondolea usingizi, na kwamba kuna mzee mlimani anachechemea kwa sababu yangu?

Mimi ni fundi baiskeli. Kazi zangu nafanyia Makuyuni, lakini nimezaliwa Sindeni, Mzigua kwa baba na kwa mama. Kwetu ardhi ni tambarare na adui wa baiskeli ni miiba. Baiskeli nyingi za kule hazina breki ya mbele, na hakuna anayeiulizia. Ukitaka kusimama unaacha kukanyaga, baiskeli inachoka yenyewe.

Mke wangu ni Msambaa wa juu kabisa, kijiji kilicho upande wa pili wa msitu. Baba yake amelima ndizi huko maisha yake yote, na kila siku ya gulio alikuwa akiziteremsha kwa baiskeli hadi Magoma. Pikipiki zipo, lakini nauli yake kwa mikungu ile inameza faida yote. Basi mzee alishuka na baiskeli yake ya chuma, nzito kama kitanda, akipita njia hiyohiyo ambayo leo wageni wanaipiga picha.

Nilipopata baiskeli ya mtumba yenye gia, nyepesi, matairi membamba, nilitaka wakwe waione. Nisifiche: nilitaka kuringa. Nilipanda Jumamosi, sehemu kubwa nikiisukuma, nikafika nimelowa jasho. Wakanipokea vizuri, nikalala. Jumapili wakati wa kuondoka mama mkwe akanifungia maharage kwenye mfuko, na baba mkwe akanionya.

"Haya ya mlimani ni magumu, mkwe. Yanataka moto wa kweli. Usiyaonee huruma."

Akanisindikiza hadi pale mteremko unapoanzia. Kando ya barabara, chini ya mwamba, kulikuwa na magogo kadhaa yamepangwa. Akavuta moja. Lilikuwa na urefu wa mkono na unene wa paja, limekauka hadi kung'aa, na katikati lina mfereji uliochimbwa na kamba ya katani kwa miaka mingi.

"Funga gogo," akasema.

"Baba, hii ina breki mbele na nyuma. Nimezifunga mwenyewe."

"Najua. Funga gogo."

Baba mkwe habishiwi mara mbili. Nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikashuka nikiliburuta kwenye vumbi, linanivuta kiuno kila kona. Niliona aibu, fundi mzima naburuta kuni kama mtoto anayecheza gari. Nilifika darajani salama, na sifa zote nikazipa breki zangu.

Sasa hapo darajani ndipo nilipofanya nilichofanya. Baba mkwe hakuwa ameniambia niliache gogo pale. Nani humwambia mtu mzima arudishe kikombe akishamaliza chai? Kwao ni jambo linalojulikana. Kwetu Sindeni, mama alitulea kwa sheria moja: atokaye porini harudi mikono mitupu, akikuta kuni aokote. Nikalitazama lile gogo, kavu, zito, zuri, nikamfikiria mke wangu anavyolalamika bei ya mkaa. Nikalifunga kwenye keria ya baiskeli, nikaenda nalo nyumbani. Njiani nilikuwa napiga mluzi.

Jumatatu sikufungua banda la kazi. Mke wangu alikwenda Korogwe mjini kuuza vitenge vyake, nami nikaamua nimshangaze. Nikaweka mafiga uani, nikabandika maharage, nikasokomeza lile gogo zima. Liliwaka taratibu, moto mzuri ajabu. Nilikaa pembeni nikijisifu.

Alirudi alasiri. Akacheka kunikuta na mwiko mkononi, kisha akatazama chini ya chungu na kicheko kikakatika. Alilivuta gogo kwa mikono mitupu, chungu kikapinduka, maharage yakamwagika majivuni. Akachota maji ya ndoo na kulimwagia. Moshi ulipopungua akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa kamba, sehemu iliyosalia.

"Hili umelitoa wapi?"

"Baba yako alinipa nishukie."

Akakaa chini, hapohapo kwenye matope ya majivu, na kitenge chake kipya. Sijawahi kumwona mke wangu akikaa namna ile.

"Kesho ni gulio," alisema.

Ndipo aliponieleza, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Msitu ule ni hifadhi, hakuna ruhusa ya kukata hata fimbo. Miaka ya nyuma mti mkubwa uliangukia barabara, na askari wa msitu wakawaruhusu wanaoshusha ndizi wachukue vipande vya kufanyia breki. Kila nyumba ilipata kimoja, basi. Anayeshuka analiacha lake darajani. Anayepanda akilikuta analipandisha, hata kama si lake, analiweka chini ya mwamba.

"Na wasipolikuta darajani?"

"Watalikutaje darajani wakati lipo jikoni kwako?"

"Si ataazima la jirani?"

"Siku ya gulio kila gogo lina mtu wake."

Mimi fundi, mtu anayelipwa ili baiskeli za watu zisimame, nilikuwa nimechoma breki ya baba mkwe wangu ili nipike maharage.

Tulipiga simu. Haipatikani. Tukapiga kwa jirani yake, haipatikani. Kule mtandao unakuja ukipenda. Kuondoka jioni ile haikuwezekana kwa kuwa geti la hifadhi hufungwa saa kumi na mbili. Lakini mke wangu aliniambia baba yake hushuka saa tatu, umande ukishakauka barabarani. Nikashika hilo. Nikaondoka alfajiri, na saa moja na nusu nilikuwa getini. Baiskeli nikaiacha kwa askari, maana kuisukuma kungenichelewesha, nikaweka gogo begani na kuanza kupanda kwa miguu, karibu kukimbia. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu kidogo. Nilijiambia litatosha. Nilipanga hata maneno ya kuomba radhi, nikayarudia njia nzima.

Nilikuwa nimefika kona ya tatu niliposikia kengele.

Alitokea juu yangu. Mikungu ya ndizi kushoto na kulia, na mzee katikati, miguu yote miwili ameikandamiza chini, katambuga zake za tairi zinakwangua kokoto na kutoa harufu ya mpira unaoungua. Nilisimama katikati ya barabara kama nguzo. Aliniona. Kisha akaliona gogo begani kwangu, upande mmoja mweusi tii. Ilikuwa nukta moja tu, lakini nina hakika aliliona, na alielewa.

Hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti yake ileile ya kawaida, "Pisha, mkwe."

Nikapisha. Akanipita. Nikasikia kengele tena kwenye kona ya chini, halafu mshindo.

Nitasema na hili, maana nimeamua kusema yote. Kitu cha kwanza nilichofanya si kumkimbilia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitupa gogo vichakani, mbali, lisionekane. Ndipo nikakimbia. Hadi leo nikikumbuka mpangilio huo, gogo kwanza na mzee baadaye, najishangaa.

Alikuwa ameegemea ukingo wa barabara, ndizi zimetapakaa, mguu wa kulia umekaa upande ambao mguu haukai. Wanaume wawili waliokuwa wakipanda walikuwa wameshafika. Wakauliza imekuwaje, yeye, mzoefu wa njia hii kuliko wote.

"Leo nimesahau gogo," alisema. "Gari la ndizi linaondoka mapema, nikaona niwahi. Uzee huu."

Wale wanaume wakatazamana. Mimi nilikuwa nimempigia magoti pembeni, mdomo wazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, kwa laana, kwa kimya. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Akanitazama na kusema, "Mkwe, shika hapa chini ya goti," nikashika.

Tulimbeba hadi hospitali. Mguu ulivunjika mahali pawili. Uliunga, lakini uliunga mfupi, na baiskeli hajaipanda tena. Ndizi zake sasa zinashuka kwa pikipiki, na faida inaishia huko.

Kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye. Habari zilipita mlima mzima kwamba mzee amesahau gogo. Watu waliojifunza kushuka kwake, waliofundishwa naye kufunga kamba, wakawa wanamtania darajani na gulioni: mzee wa kusahau, leo umekumbuka kuvaa suruali? Alicheka nao. Nilisimama pale nikisikia, nikacheka nami.

Siku moja nilijaribu kusema ukweli. Tulikuwa barazani kwake, miezi kadhaa baadaye, na wageni wawili wa kijijini. Mmoja akaanza tena utani wa kusahau. Nikakohoa, nikasema, "Jamani, kuhusu lile gogo..."

"Mkwe," akanikatiza, "hebu mwongezee mgeni chai."

Nikamwongezea. Nikamimina hadi sahani ikajaa. Nikakaa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya iliki.

Wageni wakaaga. Mama mkwe akaenda jikoni kuosha vikombe. Tukabaki wawili, yeye amenyoosha mguu wake juu ya kigoda, akitazama barabara inavyoingia msituni. Watalii wawili wenye kofia ngumu walipita na baiskeli zao nyepesi, wakapunga mkono, nasi tukapunga. Nilikuwa nasubiri awe wa kwanza kusema, kwa sababu mimi maneno niliyoyapanga ile alfajiri yalikuwa yamenikimbia yote.

"Mkwe," akasema, bila kugeuka.

"Naam, baba."

"Yale maharage yaliiva?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamjibu ukweli, kwa sababu ndio pekee niliokuwa nimebaki nao.

"Hayakuiva, baba. Yalimwagika."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za msiba wa mbali. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa jikoni, amfungie mkwe maharage mengine.