Kijiji cha Agosti

Mume wangu ni Mfaransa wa shamba, ingawa ukimwona hapa Wembley, London, na skafu yake shingoni utadhani kazaliwa ikulu. Kijijini kwao hakuna hata duka. Kuna kanisa, kisima kikavu, na ofisi ya meya iliyokuwa ikifunguliwa kila Jumanne asubuhi. Ilipoamuliwa kijiji kiunganishwe na mji wa jirani, yeye na binamu zake wa London walijazana sebuleni kwangu kuomboleza.

Nasema kuomboleza, na sitii chumvi. Wote walikimbia kule mara walipopata nauli, na hurudi Agosti tu, kula jibini na kulalamika kuwa mbwa wa jirani anabweka. Sasa watu wazima walikuwa wakitoa machozi eti jina la kijiji litaondolewa kwenye kibao cha barabarani! Dada yangu, aliyekuja kunisaidia kukaanga sambusa, alichungulia mlangoni akarudi jikoni kashika kiuno.

"Mwenzangu, hawa wako serious? Sie tumeiacha Pemba nzima, mbona hatukuweka matanga ya kibao?"

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye pekee wa ukoo wao aliyebaki kule, walimpigia kwa video wakaiegemeza simu kwenye birika. Wakabishana jina lipi litangulie, lao au la mji, mpaka chai ikapoa. Mwishowe bibi wa watu akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Iteni mnavyotaka," alisema. "Ofisi je? Jumanne nitakwenda wapi?"

Huko ndiko alikokuwa akivaa koti lake zuri akakae na karani, apashe magoti moto, asikie nani anaumwa. Wiki nzima hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Binamu mmoja akamjibu, "Hilo tutaliangalia, shangazi," kisha wakarudi kwenye jina.

Ofisi ikafungwa. Mume wangu alikwenda Agosti akarudi na kibao cha zamani, akakipigilia ukutani karibu na mlango wetu, na kila mgeni husimamishwa hapo kusikiliza historia. Nimekinai.

Siku hizi, Jumanne asubuhi, bibi huvaa koti lake halafu hupiga simu hapa. Wiki iliyopita simu ililia wakati mume wangu akikifuta kibao chake vumbi. Aliona ni mama yake, akanisukumia simu.

"Mwambie nimetoka," alininong'oneza.

Nikabonyeza spika.

"Huyu hapa, mama," nikasema. "Anapangusa kijiji chenu."