Mama Vuguvugu na Binti Aliyekuwa Ulimi Wake

Saa tatu asubuhi, vioo vya dirisha vimeshika ukungu na Mama Vuguvugu anabingirisha chupa tupu juu ya karafuu hadi zipasuke. Tangawizi imeshapondwa. Mdalasini unaogelea kwenye sufuria. Anakuna kungumanga, anatia sukari, kisha anadondosha tonge la siagi linaloyeyuka na kutanda juu kama kioo.

Kwa kawaida, sufuria ikishaepuliwa ndipo ramu, pombe kali ya miwa, humiminwa, na kifuniko hurudishwa upesi ukali usipae na mvuke. Leo sufuria inaepuliwa na kufunikwa. Hakuna kilichomiminwa.

“Onja, mwanangu,” anasema.

Binti yake, mwenye miaka ishirini na minne, anashika kijiko cha supu kwa mikono miwili. Kijiko kinagonga meno kabla hakijafika ulimini.

“Tangawizi imezidi,” anasema binti. “Sukari bado.” Anakirudisha kijiko na kwenda kukaa karibu na mlango, mikono ameibana kwapani.

Kwa miaka kumi na mmoja, tangu afiwe na mumewe, mama huyu amekuwa akipika kinywaji hicho nyumbani na kukiuza kikiwa moto kwenye chupa za chai. Ndicho kilichompa jina. Baridi ikianza, wateja hupanga foleni hadi ngazini, na karibu wote huja na sababu moja.

“Mama Vuguvugu, kifua kinanibana,” husema fundi saa wa duka la chini.

“Kifua chako kinabana kila Ijumaa tu?”

“Ndiyo siku kinayoijua.”

Walicheka hivyo miaka mingi. Kwa wote ilikuwa dawa ya kifua, na aliyeipika hakuwa mnywaji. Alikuwa akionja tu, kwa ncha ya ulimi, na kutema kwenye sinki.

Miaka tisa iliyopita homa kali ya mafua ikamlaza wiki tatu. “Ilipoondoka, iliondoka na pua yangu,” anasema. “Hii unayoiona imebaki ya kupigia picha.” Hakusikia tena harufu ya kitu, wala ladha. Sufuria ya kwanza baada ya kupona ilirudishwa na wateja. Karafuu zilikuwa zimeumana na sukari, na yeye hakujua.

Basi akamwita binti yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, ametoka shule, begi bado mgongoni.

“Nilimwambia, njoo uwe ulimi wangu. Akafurahi. Nami nikafurahi, nikajiona nimepata msaidizi.”

Binti alikuwa na ulimi wa ajabu. Alijua sufuria inayokosa kipande kimoja cha mdalasini. Lakini ramu haionjwi mara moja. Unaongeza kidogo, unaonja. Unaongeza tena, unaonja tena. Sufuria nne kwa siku. Mama hakumwambia ateme, kwa kuwa mtoto alisema akitema hapati ladha ya mwisho, ile inayobaki kooni.

Mwaka jana, binti alipoanza kutetemeka asubuhi na macho kuwa ya manjano, muuguzi wa zahanati aliuliza maswali machache, kisha akampa mama kijiko cha supu, kikombe kikubwa na beseni la maji. “Mimina kikombeni vijiko anavyoonja kwa siku,” akamwambia. Mama akahesabu ishirini. Kikombe kilijaa hadi ukingoni.

“Hicho ni kikombe cha mtoto wa miaka kumi na mitano,” muuguzi akasema. “Baadaye alijiongezea mwenyewe.”

Mwenye mtoto jikoni na asome hapo polepole. Mama mwingine yeyote angenusa pumzi ya mwanawe akiingia mlangoni. Huyu hakuwa na cha kunusia. Fundi saa aliwahi kumdokeza kwamba binti ananuka kama sufuria, naye akamjibu, “Humu ndani hata mapazia yananuka hivyo.” Mazungumzo yakaishia hapo.

“Mama anadhani nilianza kunywa,” anasema binti pale mlangoni, bila hasira. “Mimi nilianza kazi.”

Kitanda cha matibabu ya kuacha pombe alishapewa mara mbili. Mara ya kwanza alitoroka wakiwa njiani. Mara ya pili mama huyu anaisimulia akiangalia sufuria. “Nilimzuia mimi. Kulikuwa na oda ya harusi. Nikasema wiki moja tu, nani ataonja? Wiki moja, kitanda akapewa mwingine.”

Keshokutwa, Jumatatu, ni mara ya tatu, na muuguzi amesema hakuna ya nne. Masharti ni mawili: binti aje bila kulewa, na akirudi nyumbani asikute ramu. Chupa zote za ramu ziliondolewa jana. Nyuma ya mlango kuna mfuko wenye nguo mbili, mswaki na kipande cha sabuni. Ulifungwa tangu mara ile ya oda ya harusi. Sabuni imeshakauka na kupasuka.

Mpango wa Mama Vuguvugu ni kuuza tangawizi tupu na kubaki na wateja watakaobaki. Wa kwanza kuijaribu ni fundi saa. Anakunywa, anatafakari.

“Leo tangawizi imekuja peke yake.”

“Utaizoea.”

“Nitaizoea, dada.”

Lakini hakuitiwa kinywaji. Kila asubuhi wiki hii hupanda ngazi kwa kazi moja, aliyoombwa na mama kwa aibu kubwa. Binti anaijua. Anainua uso, anafumba macho na kupuliza pumzi, kama mtoto anayezima mshumaa.

Fundi saa anainama, ananusa, anainuka. Anafuta miwani yake, ingawa haina ukungu.

“Basi?” mama anauliza. Ameinama naye, pua yake karibu kabisa na mdomo wa binti, akivuta hewa kwa nguvu zote. “Kaka, niambie. Basi?”

“Bado kuna kesho na keshokutwa,” anasema fundi saa, na kushuka ngazi akiacha kikombe nusu.